Fundi Aliyepima Habari kwa Viatu

Nianze na ujinga wangu, maana utauona tu. Afadhali ukupokee mlangoni kuliko ukurukie ukiwa umeshakaa. Mwaka wa kwanza wa vita vya Wadachi na Waingereza, mimi niliyesomeshwa shule ya serikali kule Tanga mpaka madarasa ya juu, niliyejua Kidachi cha kutosha kumsalimia Bwana Shauri, mkubwa wa boma, na kumuaga bila kuandikiwa viboko hamsa wa ishirini, niliwatangazia watu wa mtaa wetu wa chini ya boma la Arusha kwamba vita vimekwisha.

Habari hiyo niliisoma kwenye karatasi iliyofungia sukari. Nilikuwa nimetoka dukani kwa Mhindi na kifurushi kidogo, sukari ya mwisho mwisho, imechanganyika na sisimizi. Karatasi ilikuwa ukurasa wa gazeti la Kidachi. Ilisema Kaisari amemwoza binti yake, na Mfalme wa Waingereza amekwenda arusini, wamekula pamoja, wamefurahi. Nikapiga akili zangu zote za Tanga: watu wanaopigana watakaaje kwenye karamu moja? Basi wamepatana. Nikatoka barazani, karatasi mkononi, sukari nimewaachia sisimizi, nikasoma kwa sauti na kutafsiri kwa madaha. Watu walishangilia. Jirani yetu muuza maziwa, mama wa Kiarusha tuliyemwita Yeyo kama wanawe walivyomwita, alimimina maziwa kidogo chini kumshukuru Mungu, na Yeyo si mtu wa kumwaga maziwa.

Habari ile ilitembea kuliko mimi nilivyowahi kutembea. Siku ya pili ilikuwa imeshafika Kikwe, ambako kijana mmoja aitwaye Juma alikuwa amejificha katika migomba ya wakwe zake asikamatwe upagazi. Juma akatoka migombani, akaja mjini anaimba. Alikamatwa mtoni, pale wanapopaita Daraja Mbili sasa, na askari wawili ambao hawakuwa wamesikia kwamba vita vimekwisha.

Gazeti lilikuwa la kabla ya vita. Tarehe ilikuwepo juu, kubwa, ya Kidachi safi. Sikuitazama.

Juma alikuwa mwana pekee wa jirani yangu, fundi viatu, na ni huyo fundi ninayetaka kumwandika. Siku ile alikuwa upande wa Sombetini kununua ngozi kwa Waarusha. Aliporudi aliambiwa yote mawili kwa pamoja, vita vimekwisha na mwanao amekamatwa, akaja moja kwa moja kwangu kuiomba karatasi. Hakujua kusoma hata herufi moja. Aliishika kwa vidole viwili kama anavyoshika ngozi ya mbuzi, akaisugua, akainusa, akaiinua juani. Halafu akatoa vijiti mdomoni. Nitaeleza habari ya vijiti. Kwa sasa ujue tu kwamba akivitoa, linalokuja si la mchezo.

"Karatasi hii imelala na chumvi masika mawili," alisema. "Umesoma maneno, msomi. Hukusoma karatasi."

Akanirudishia. Hakuligusa jambo hilo tena, siku ile wala siku nyingine yoyote. Ningependa angenipiga. Mimi ni mwoga wa kupigwa, lakini kipigo kina mwisho.

Sasa vile vijiti. Zamani fundi alikuwa anaweka misumari mdomoni kama mafundi wote, anaitema mmoja mmoja kwenye soli. Vita vilipoziba bahari, misumari ikaisha, akaanza kuchonga vijiti vya mti mgumu, vyembamba kama njiti ya kuchokolea meno, na kuvigongomea badala yake. Kiatu kikilowa, kijiti kinavimba, soli inashika kuliko msumari. Wadachi walimsifu. Basi asubuhi hadi alasiri mdomo wake ulijaa vijiti, na alizungumza hivyo hivyo, maneno yakipita pembeni kama watu wanaopita kwenye mlango uliozibwa na mzigo. Wageni hawakumwelewa. Sisi tulimwelewa, na tulijua mizaha yote na matusi yote yanapita na vijiti ndani. Jambo zito ndilo lililovitoa.

Alizaliwa wapi, sijui. Nilimuuliza kabila lake mara moja, akasema kabila lake ni ngozi. Nikamuuliza ngozi ipi, akasema ya ng'ombe, kwa sababu ya mbuzi haikai. Alikuwa mwembamba, amepinda mgongo, vidole vyeusi kwa maganda ya mgunga aliyolowekea ngozi. Nyumba yake na yangu zilitengwa na ua wa matete na hatua kama nane. Kwa mtu kama mimi hatua nane ni safari. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na fundi ndiye aliyenitengenezea kiatu chenye soli nene upande mmoja, nikaanza kutembea sawasawa kama watu. Yaani kutoka kitandani kwenda barazani, na kurudi. Alinitania kwamba kiatu kile kitakuwa cha kwanza duniani kuoza juu na kubaki kipya chini. Mguu ule, pamoja na kazi ya kuwashonea boma magunia, ndio ulioniokoa na upagazi. Nilivaa salama yangu kila asubuhi, na aliyeishona alikuwa baba wa Juma.

Zile siku habari zilikuja kutoka kila upande na hakuna mbili zilizosalimiana. Boma lilitoa habari zake: jumbe anapigisha ngoma, karani anasoma kwamba Waingereza wamefagiwa Longido, wamekimbia wameacha hata sufuria. Alasiri yake mchunga ng'ombe anatoka huko huko Longido, anaapa kwamba waliokimbia ni Wadachi, naye amewaona usiku wanateremka na punda hawana mzigo. Mtu wa Moshi anasema Tanga imechomwa. Mtu wa Tanga anasema Tanga ni nzima, ila nyuki wamewauma Wahindi. Tulicheka sana habari ya nyuki, tukaikataa, na baadaye tukasikia ndiyo iliyokuwa kweli. Watu waliamini kwa kadiri ya ndugu waliokuwa nao. Mwenye mtoto askari aliamini boma, na mwenye ng'ombe waliochukuliwa na boma aliamini kinyume chake.

Fundi hakuamini mtu. Alikuwa na msemo wake: habari haina miguu yake, inakuja kwa miguu ya mtu, basi mtazame miguu. Na kweli alitazama. Mtu akifika mtaani kutoka mbali, fundi alimwita, akamkalisha kwenye gogo, akamwambia weka mguu hapa nikutie kamba, bure. Wakati anashona, anasoma. Udongo mwekundu ulikuwa wa upande wa Moshi. Mweusi wa kunata, uliokauka kwenye pindo, ulikuwa wa mabonde ya Kahe. Vumbi jeupe na mstari wa magadi juu ya kisigino, huyo ametoka kaskazini, kwenye nyika ya Longido. Mara ngapi nimemwona mtu anasimulia vita vya Taveta, alivyopigana, alivyouawa farasi wa Mzungu mbele yake, na fundi anashona kimya, halafu anamwambia kwa upole, vijiti mdomoni, "Bwana, Taveta yako ina udongo wa hapo Usa."

Kama miguu haikutosha, alikuwa na swali moja. Hakuuliza waliokufa wangapi, wala nani ameshinda. Aliuliza: mlikula nini siku hiyo? Alisema mwongo hujiandaa kwa mizinga na mabombomu yanayotema risasi mfululizo, hajiandai kwa chakula. Mtu aliyeona vita hasimulii vita, husimulia kiu. Mtu wa kwanza anasema tulikula nyama, wa pili wa kambi ile ile anasema tulikula mtama mbichi. Mmoja wao hakuwepo, au wote wawili, na habari zao zinawekwa kando kama ngozi iliyooza.

Ila shahidi wake mkubwa ni vile viatu vya boma. Karibu kila juma askari walileta gunia la viatu vikuukuu vitengenezwe vivaliwe tena, maana vipya havikuwepo. Fundi alijua mshono wake kama mimi ninavyojua mwandiko wangu. Siku boma lilipotangaza ule ushindi wa Longido na kuwapa askari siku ya ngoma, magunia mawili yalikuja. Alivimwaga chini, akavipanga jozi jozi. Ngoma zinalia bomani, yeye anapanga. Kisha akaniita nitazame. Vilikuwa vimeoshwa, lakini damu ilibaki kwenye mikunjo.

"Hivi nilivitengeneza mwezi uliopita," alisema. Alikuwa ametoa vijiti. "Kiatu cha mwezi mmoja hakiletwi na mwenyewe."

Tukakaa tunasikiliza ngoma. Sikumwambia mtu, naye hakumwambia mtu. Alivitengeneza vyote, vizuri, soli mbili, na kuvirudisha.

Watu wengine walimlaumu kwa hilo, kwamba anawalaani Wadachi kwa mdomo na kuwavisha kwa mkono. Alijibu kwamba kiatu hakina dini, na mguu unaochomwa na mwiba hauulizi bendera. Alikuwa na mengi ya namna hiyo yasiyokaa pamoja. Alidharau hirizi, akasema ni ujinga wa kuvaa shingoni, na mtaa mzima hakuna aliyeshona vifuko vya hirizi vizuri kama yeye. Askari walipanga mstari. Alisali sala tano bila kukosa na akamtukana kuku wangu baina ya adhuhuri na alasiri kila siku ya Mungu, kwa sababu alikuwa anadonoa vijiti vyake. Aliwachukia waleta habari, akawaita nzi, na asipopata habari kutwa nzima alikuwa hasemezeki hata na mkwewe.

Huyo mkwewe ndiye Halima, mke wa Juma, binti wa Kimeru kutoka Kikwe. Aliingia katika Uislamu kwa ndoa na kulichukua jina hilo, na wakati Juma anakamatwa hawakuwa wametimiza miaka miwili pamoja. Hawakuwa na mtoto. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa. Nilikuwa nikimsikia anacheka mpaka kwangu, akimwigiza fundi anavyosema na vijiti mdomoni. Mara ya mwisho nilipomsikia hivyo ilikuwa kabla ya karatasi ya sukari.

Jambo lenyewe ni hili, nalo nilieleze kwa wasio wa dini yetu. Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki manukato, anakaa ndani, halafu inakwisha, naye yuko huru kurudi kwao au kuolewa. Lakini lazima mume awe amekufa. Mume aliyepotea hafanyi mjane. Basi katika kila nyumba ya mpagazi habari ilikuwa na uzito mwingine kabisa. Kwa sisi wa barazani, Juma kafa au yu hai ilikuwa huzuni. Kwa Halima ilikuwa kama mtu anayeambiwa vaa, vua.

Habari ya kwanza ililetwa na mpagazi aliyetoroka, aliyesema Juma amekufa kwa kuhara damu njiani, siku chache tu baada ya kuondoka. Wanawake wakaja, Halima akavuliwa bangili, akakaa eda. Fundi alikuwa bomani siku hiyo. Aliporudi akamtafuta yule mtu, akamweka kwenye gogo, akamuuliza walikula nini. Nyama, alisema, nyama ya kuchoma. Fundi akamtafuta mwingine wa msafara ule ule. Yule akasema nyama hawakuiona hata kwa macho. Siku ya kumi na mbili fundi akaingia ndani na kumwambia Halima ainuke, avae bangili zake, mumewe yu hai. Akainuka. Wote tulifurahi, na mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu unazozijua.

Habari ya pili ililetwa na mwanamke, mke wa askari, aliyekuwa akifuata kikosi na sufuria zake. Alisema amemwona Juma karibu na Kahe, amebeba sanduku la bombomu, amenenepa. Nilikuwepo. Nikangoja lile swali. Halikuja. Wala fundi hakumtazama miguu, na miguu ya yule mwanamke ilikuwa haina doa la udongo mweusi, hata mimi niliyesoma shule nililiona hilo. Mpagazi amenenepa! Fundi alimpa jozi ya ndara za ngozi, mpya, na mke wa askari akaenda zake anambariki. Mimi nikanyamaza. Nani mimi wa kukataa habari njema ya mtu niliyemletea habari njema ya uongo?

Tangu hapo nikaanza kufanya kitu ambacho siwezi kukiita kwa jina zuri. Nikawa nachuja habari kabla hazijafika kwa fundi. Kila mpita njia niliyesikia ana neno la wapagazi, nilimwahi mlangoni kwangu, nikampa uji. Akisema wanakufa kama nzi, nilimwonyesha njia ya nyuma, na akisema wako wazima, nilimpeleka kwenye gogo. Kwa kazi hiyo nilitembea kuliko nilivyotembea maisha yangu yote, na soli ile nene ikaanza kuchakaa. Fundi aliibadilisha bila kuuliza nilikuwa nakwenda wapi.

Habari ya tatu haikupita mlangoni kwangu. Wakati ule tayari ilikuwa inasemekana Waingereza wanakuja kwa nguvu kutoka kaskazini, na boma lilikuwa linafunga mizigo. Mtu mmoja mrefu, amebaki mifupa, aliingia mtaani akiwa anachechemea, akaenda mwenyewe kukaa kwenye gogo la fundi. Nilikuwa upande wa pili wa matete nashona gunia. Niliona viatu vyake kwanza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Siku Juma alipofungwa kamba uwanjani pa boma, fundi alikimbia nyumbani na kukata makubadhi ya soli mbili, akayashona palepale amesimama, kwa kuwa wapagazi walikwenda peku na yeye hakutaka mwanawe aende peku. Nyuzi za nta zilikuwa zimemwishia. Alipaza sauti juu ya ua, nikamrushia uzi wangu, wa buluu, wa kushonea kofia. Akayapeleka na kumvisha mwanawe kabla msafara haujaondoka. Makubadhi yale, yamekwisha kisigino, mshono wa buluu umefifia, ndiyo yaliyokuwa miguuni pa yule mtu.

Fundi aliuchukua mguu wake na kuupakata. Yule mtu alizungumza mwenyewe. Alisema mzee nisamehe, haya nilimvua maiti. Alikuwa mpagazi, kijana, kando ya njia, hajaoza bado. Miguu yangu ilikuwa imetoboka, nikamvua. Alikuwa na hirizi shingoni, hiyo nikamwachia.

Fundi alitoa vijiti mdomoni, kimoja kimoja, akavipanga juu ya gogo.

"Mlikula nini siku hiyo?"

"Ngozi," yule mtu alisema. "Tulichemsha ngozi za kufungia mizigo. Tulikunywa na maji yake."

Hakuna jibu lililowahi kutolewa kwenye gogo lile lililokuwa na ukweli kuliko hilo. Fundi alilijua, na mimi nyuma ya matete nikalijua. Halima alikuwa amesimama mlangoni, mchi mkononi, naye alilijua. Nikangoja. Fundi alivichukua vijiti vyake, akavirudisha mdomoni. Akasema, pembeni ya vijiti, kwamba viatu huuzwa, viatu huibwa, huenda Juma aliyabadilisha kwa chumvi. Kisha akayatengeneza makubadhi yale, kisigino kipya, akamvisha yule mtu na kumfungia kamba, akamwambia aende salama. Yule mtu akaondoka nayo, na mtaani hatukumwona tena.

Halima hakulia. Alingoja siku tatu, akajitanda, akaenda na kaka yake, aliyekuja kutoka Kikwe, kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nasi tukaitwa, fundi na mimi. Aliongea kabla hajaulizwa, kwa Kiswahili chake chenye Kimeru ndani, na sauti ile kubwa ilikuwa imebaki ndogo.

"Mwalimu, mimi ni mke au ni mjane? Mniambie moja. Lolote mtakalosema, nitalifanya."

Mwalimu alikuwa mtu mwema na mwenye haraka, maana siku hizo hizo alikuwa anatafuta mahali pa kuficha vitabu vyake. Alisema atatosheka kama watu wawili waliomsikia yule mtu watamwambia walichosikia na kwamba wanakisadiki. Akamtazama fundi. Fundi akasema mtu mwenye njaa husema lolote. Mwalimu akanigeukia mimi, akaniuliza kwa heshima, kama unavyomuuliza msomi.

Nilisema sikusikia vizuri. Nilisema nilikuwa nashona.

Nimekaa miaka mingi na sentensi hizo mbili. Fundi hakunitazama nilipozisema, na hilo ndilo lililonionyesha kwamba alikuwa ameomba moyoni nizitamke. Njiani kurudi alinishika mkono kwenye mawe ya mto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Halima alitembea nyuma yetu. Kaka yake alirudi Kikwe peke yake.

Kisha Waingereza wakaingia, na Makaburu wao juu ya farasi, na mvua nyuma yao. Siku hiyo kila mtu alikuwa na habari na zote zilikuwa kweli, kwa sababu zilikuwa zinapita barabarani. Bendera ikabadilishwa bomani. Farasi wakafa kwa wingi, harufu ikateremka mpaka kwetu. Vita vikahamia kusini, Kondoa na kwingine tusikokujua, na vikachukua wapagazi wengine, safari hii kwa Kiingereza. Wale wa Wadachi waliendelea kurudi mmoja mmoja, na wengi hawakurudi. Askari wa Kiingereza walikuja na viatu vyao ndani ya masanduku, vya misumari ya chuma. Gogo la fundi likaota kuvu.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni asubuhi moja baada ya masika yaliyofuata. Kaka yake Halima alikuwa amekuja tena, mara ya tatu, na kusema kwao Kikwe kuna mtu mwenye shamba na ng'ombe watatu, aliyefiwa na mke, anayeweza kumwoa dada yake. Lakini hawezi kumwoa mke wa mtu. Alilala siku mbili, akaambiwa asubiri. Alipoondoka nilikaa barazani nikajisemesha mpaka nikapata ujasiri. Nikavuka ua. Hatua nane. Nilikuwa nimepanga maneno: mzee, nilisikia yote siku ile, na wewe ulisikia, twende kwa mwalimu leo.

Fundi alikuwa kwenye mkeka ndani, macho yameingia ukungu, mikono imekaa juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine. Mdomo ulikuwa mtupu. Sijui kwa nini nilitegemea vijiti. Nikamwamkia shikamoo. Alipoitikia hakunitazama miguu, alinitazama usoni, au pale alipofikiri ni uso wangu.

"Msomi," alisema. "Umesikia nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasikia sauti yangu inasema kwamba watu waliotoka Voi wanasema mateka wako huko wengi, katika kambi ya Waingereza, wanalala ndani ya mahema na wanapewa wali.

Hakuuliza nani amesema. Hakuuliza ametoka huko lini, wala udongo wa Voi ni wa rangi gani.

"Wali?" alisema.

"Wali, mzee."

"Juma anapenda wali."

Nyuma ya pazia Halima alikuwa anatwanga. Kinu kilinyamaza tuliposema Voi, kikaendelea kunyamaza kwenye wali. Halafu kikaanza tena, taratibu, kwa mapigo yale yale ya mwanzo, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi na bado ana kazi. Nilikaa kidogo zaidi kwa adabu. Fundi alianza kunieleza Juma alivyokuwa akikomba sufuria ya wali alipokuwa mdogo, na nilicheka mahali pa kucheka. Kisha nikaaga, nikatoka.

Yeyo alikuwa amesimama kwenye matete na vibuyu vyake viwili, akingoja nimpe chombo kama kila asubuhi. Ua ule hauzuii kitu. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kile kiatu kinene, akaweka vibuyu chini.

"Juma alishakufa," alisema. "Nyie wanaume wawili mnaogopa kulisema, basi mmemzika huyu binti badala yake. Lete chombo, nimechelewa."